Shanga za Namba Arobaini na Moja

Chumba cha vipimo kiko ghorofa ya pili, hapa Oulu,
juu ya jiko la hospitali,
kwa hiyo takwimu zetu zote zinanuka supu ya samaki.
Watoto huvua viatu vya theluji koridoni,
huacha vidimbwi. Nimeshateleza mara mbili.

Walizaliwa njiti, wembamba kama jina lenyewe,
wengine kabla ya wiki ya ishirini na sita.
Leo wana miaka saba
na wana maoni kuhusu kila kitu.

"Simama kwa mguu mmoja," namwambia Tuulikki.
Anasimama. Nahesabu. Anauliza kwa nini naandika.
Ili tujue.
"Mjue nini?"
Iwapo maziwa ya mama, tone kwa tone mrijani,
iwapo kulazwa kifuani, ngozi kwa ngozi,
iwapo kufifiza taa za wadi usiku
viliacha kitu ubongoni hadi leo.
Anafikiri.
"Mimi najua kuogelea," anasema.
Jedwali halina safu ya kuogelea.
Naandika pembeni, kwa penseli.

Alhamisi saa nne alikuja mwanamume peke yake,
kofia mkono huu, barua mkono huu.
Barua yetu.
*Tunamwalika Oiva kwenye kipimo cha mwaka wa saba.
Kama anavaa miwani, aje nayo.*

Nikafungua faili. Gramu mia sita na themanini.
Siku kumi na moja.
Alitangulia kuja, akatangulia kwenda,
na mtu mmoja ofisini hakuweka alama pa kuweka alama,
na kompyuta, isiyojua matanga,
ikaendelea kumhesabia miaka,
ikamkuza, ikamfikisha umri wa shule.

Nilianza kuomba radhi.
Ahti Ruotsala, dereva wa greda la theluji,
aliinua kiganja kama anayesimamisha gari.
"Sikuja kugomba. Leo nina mapumziko.
Nimetaka tu kuona angeulizwa nini."

Sasa niambie wewe, kanuni ipi ya utafiti
ina kifungu cha jambo hili?
Daktari Hilppa alichungulia, akaelewa,
akaurudisha mlango taratibu.
Nikavuta kiti kidogo cha njano.
Magoti yakamfika kifuani.
Nikampa uzi na shanga kumi,
nikabonyeza saa.

Vidole vinene, vimepasuka kwa baridi.
Shanga ya tatu ilimtoroka, ikaingia chini ya kabati.
Alipiga magoti kuitafuta
na akakaa huko chini
muda mrefu kuliko shanga inavyohitaji.
Sikusimamisha saa. Sikuitazama pia.

Alipoinuka, mkono wa kushoto ulikuwa ngumi.
Wa kulia alinyoosha kidole cha shahada.
"Hiki. Alikuwa anakishika hiki,
kupitia kile kidirisha cha kiangulio.
Mliandika?"

Nilitafuta, ukurasa kwa ukurasa.
Tuliandika oksijeni, sukari, joto, mkojo,
mapigo ya moyo kila saa, mchana na usiku,
hata uzito wa nepi.
Hatukuandika.

Alizitunga zilizobaki kimya kimya.
Dakika nne na sekunde tisa.
Nikamwambia ni wastani mzuri.
Akacheka kwa pua; hakuna asiyejua
kwamba mtoto wa miaka saba humaliza kabla ya hapo.
Akavaa kofia, akaruka vidimbwi vya watoto,
akashuka ngazi.

Jioni nilirekebisha alama.
Namba arobaini na moja haitaandikiwa tena.
Kisha nikasogeza kabati, nikapitisha fagio:
vumbi, kifutio, kipande cha biskuti.

Makala yetu yakitoka, wasomaji watakimbilia hitimisho,
nao wana haki, tumelifanyia kazi miaka saba.
Lakini chini ya jedwali la tatu,
kwa herufi za kuumiza macho,
utakuta mstari ambao mhariri aliutaka ufutwe
na mimi nikakataa:
*Kuanzia mtoto wa sitini na tatu,
shanga tisa zilitumika badala ya kumi.*